Mbona Jana Hukuja?

Wiki ina saa 168. Hesabu hiyo niliipiga Januari 2019, nyuma ya daftari la takwimu, nikiwa kitandani kwenye chumba nilichopanga Uyole, jijini Mbeya, nimevaa koti na soksi pea mbili. Nikatoa saa 56 za kulala. Nikatoa vipindi 20 vya darasani. Nikatoa saa 25 za kujisomea, ambazo kwa kweli sikuwa nazifikisha. Nikatoa kupika, kufua, kuchota maji, na mwendo wa kwenda chuo na kurudi. Zikabaki saa zisizopungua 45. Nilikaa nazitazama, maana katika wiki iliyokuwa inaisha usiku ule sikuweza kutaja hata saa tatu nikasema hizi nilizitumia hivi.

Kilichonifanya nihesabu ni simu ya mama. Aliniuliza, "Mwanangu, ukitoka darasani unashinda wapi?" Nikajibu, "Nipo tu, mama." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nipo tu siyo mahali."

Nimekulia Nachingwea, mkoani Lindi. Kule saa za mtoto zina wenyewe. Msimu wa korosho ukifika unaokota korosho. Ukiisha kuna kupalilia, kuna maji, kuna wadogo zako, kuna msiba wa jirani, na shuleni kuna kengele na mwalimu wa zamu. Kwa hiyo nilipopanda basi kwenda Mbeya kusoma uhasibu, nikapita Masasi, Tunduru, Songea na Njombe, nilikuwa naelekea kwenye kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho tangu nizaliwe, nacho ni saa ambazo hakuna mtu anazidai. Wiki ya kwanza chuoni tulielezwa habari za mkopo, za mitihani, za kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, za mavazi. Kuhusu hizo saa hakuna aliyetuambia neno, na sisi hatukujua kama kuna la kuuliza.

Watu wakisikia "muda wa ziada wa mwanachuo" wanafikiri ni kitu kizima, kama likizo. Siyo hivyo. Unakuja vipandevipande, tena bila taarifa. Umeamka saa 11 alfajiri, umepita kwenye ukungu wa Uyole hadi huoni lori linalokuja, umefika darasani na miguu imelowa umande, halafu saa 1 na dakika 10 CR, kiongozi wa darasa, anaandika kwenye kundi la WhatsApp: kipindi hakuna, mwalimu ana dharura. Kipindi kinachofuata ni saa 8 mchana. Kurudi geto ni nauli, na jioni nauli nyingine. Basi mnakwenda kwenye vimbweta, meza na viti vya zege vya nje, kila mtu anafungua desa lake, yaani nakala ya masomo, mezani na kuweka simu juu ya desa. Hapo mtakaa zaidi ya saa sita, hamsomi, hampumziki. Nikikumbuka mwaka wa kwanza, picha inayonijia kwanza ni hiyo: vijana wanane kwenye kimbweta cha zege, shingo zimeinama, mmoja anacheka peke yake kwa kitu alichokiona kwenye kioo, na desa la uchumi limefunguka ukurasa wa kwanza tangu asubuhi.

Usiku nao ulikuwa na mambo yake. Bando la usiku lilikuwa la bei nafuu na lilianza kufanya kazi saa 6 kamili. Hosteli nzima na mageto yote ya jirani watu walisubiri saa 6 kama wanavyosubiri daku. Ikigonga, kila mtu anapakua muvi na tamthilia mpaka saa 10. Tulijiona tumeokoa pesa, na asubuhi tukalala kwenye kipindi ambacho ada yake imeshalipwa.

Jumamosi tulikuwa kibanda umiza. Kiingilio kilikuwa shilingi 500. Mechi ya kwanza ya Uingereza ilianza saa tisa na nusu alasiri na ya mwisho iliisha saa nne na nusu usiku. Simba na Yanga wakicheza, mpaka dirishani hapakuwa na nafasi. Napenda mpira hadi leo na sitamcheka anayeupenda. Mbeya City au Prisons wakiwa nyumbani, tulishuka Sokoine kwa miguu kuokoa nauli, na jioni zile nazihesabu kuwa jioni njema, kwa sababu tulipiga kelele kwa pamoja na tulirudi tumechoka. Ila kwenye kibanda mpira ulishaacha kuwa mpira. Kila mtu alikuwa na mkeka wake, orodha ya mechi alizobashiri kwa pesa, kwenye simu. Mtu anashangilia kona ya timu asiyoijua, kutoka nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani, kwa sababu kona za mechi hiyo zikizidi tisa ana shilingi 18,000.

Nami niliingia. Wakati ule fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na ilikuja kwa mkupuo wa siku 60, yaani shilingi 510,000. Fedha hiyo tuliiita bumu, na likiingia, chuo chote kinanuka chipsi. Kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kushika laki mbili anashika laki tano, na ana saa 45 kwa wiki zisizo na mwenyewe. Kati ya Novemba na Februari niliweka kwenye mikeka shilingi 143,000. Nilishinda mara mbili, jumla 31,000. Chumba changu kilikuwa 35,000 kwa mwezi, kwa hiyo nilipoteza kodi ya zaidi ya miezi mitatu, na Machi nilikula viazi vya kuchemsha na chai ya rangi asubuhi na jioni. Mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja bumu lake lilikwisha siku ya tisa. Sikumwona akila anasa hata moja.

Nimeyafikiria sana mambo haya, na siamini kwamba tulikuwa wavivu au watoto wabaya. Mwenzangu yule alikuwa anaamka kabla yangu na alifaulu kuliko mimi. Nadhani mkeka ulitupa kitu ambacho saa zetu hazikuwa nacho: saa fulani ambayo lazima uwepo, na matokeo yanayokuhusu wewe. Ilikuwa ahadi ya uongo, lakini ilikuwa ahadi.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa darasa letu aliyeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya USCF, umoja wa wanafunzi Wakristo wa vyuo. Mazoezi yao yalikuwa Jumanne na Ijumaa saa 10 jioni, na siku hizo hata ungemwahidi nini asingebaki. Siku moja nikamwuliza hachoki? Akaniambia, "Nachoka, lakini tupo wanne sauti ya pili. Nisipokwenda, wimbo unasikika una tundu." Nilikwenda na neno hilo nyumbani. Nikajiuliza, mimi nisipokuwepo mahali fulani, wapi patasikika tundu? Darasani tulikuwa 180. Kibandani walikuwa wanahesabu sarafu za kiingilio.

Sina sauti ya kuimba, na kwaya haikuwa njia yangu. Yangu ilikuja na mvua.

Njia ya mkato kutoka barabara kuu kwenda kwenye nyumba niliyopanga inapita pembeni mwa kitalu cha miche ya parachichi. Mwisho wa Machi mvua ya mawe ilinikuta hapo, nikakimbilia chini ya kibanda cha mabua kilichojengwa kuwekea miche kivuli. Alikuwepo mzee mmoja, Mnyakyusa, amekaa kwenye kigoda. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Kaa." Mvua ikapiga robo saa. Akanitazama mikono, akauliza, "Hiyo mikono ina kazi?" Nikasema haina. Akanisogezea lundo la viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, na rundo la udongo: debe tatu za udongo wa msituni, debe moja ya samadi iliyooza, debe moja ya mchanga. "Basi jaza. Usishindilie sana, mzizi nao unataka kupumua." Nilijaza viriba 60 kabla mvua haijakatika. Akanipa parachichi mbili na kuniambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. "Kesho saa 10 tunaanza kubebesha."

Hakuniuliza kama nitakuja, na labda ndiyo maana nilikwenda.

Kubebesha nieleze vizuri, maana ni kazi niliyoipenda kuliko nilivyowahi kupenda hesabu za mizania. Unaotesha mbegu ya parachichi la kienyeji, lenye mizizi iliyozoea udongo wa huku. Shina likifika unene wa penseli linakuwa tayari. Kwenye mti mama wa Hass, aina ya parachichi tunayoitaka, unakata kikonyo, ncha ya tawi yenye macho yaliyovimba lakini hayajafunguka, urefu kama wa kidole cha kati au zaidi kidogo. Unaondoa majani. Unakata kichwa cha shina la kienyeji, unalipasua katikati kwa kisu kina cha sentimita tatu au nne. Kikonyo unakichonga pande mbili kiwe kama kabari, kila upande kwa mkato mmoja, kwa sababu ukichonga mara mbili mbili panakuwa na mawimbi na hewa inaingia. Unakichomeka. Hapo ndipo penye kazi: chini ya ganda kuna utando mwembamba wa kijani, na utando wa kikonyo lazima uguse utando wa shina, walau upande mmoja. Ukikosea kwa unene wa unyasi, vitu viwili vinakaa pamoja wiki tatu halafu kimoja kinakauka. Ukishalinganisha unafunga kwa utepe wa nailoni, unakaza, kisha unavika juu kifuko chembamba kama vile vya kufungia barafu, ili unyevu usitoroke. Halafu unasubiri wiki nne, tano, wakati wa baridi hata sita.

Mzee alikuwa na vijana watatu wa kijijini na sasa mimi. Hakuwa na daftari. Alikuwa na nyuzi za sufu alizofumua kwenye masweta mabovu, na kila mtu alikuwa na rangi yake. Ukimaliza mche unafunga kiuzi chako chini ya kiungio. Kijana wa kwanza alikuwa mwekundu, wa pili mweupe, wa tatu rangi ya ugoro. Mimi nilipewa bluu. Malipo yalikuwa shilingi 150 kwa kila mche ulioshika, na kushika kulihesabiwa kwa nyuzi. Hapakuwa na pa kujificha. Mtu yeyote aliyepita kwenye tuta aliona bluu zipi zimechipua na bluu zipi zimekufa.

Mara ya kwanza nilibebesha miche 40. Ikashika 11. Mwekundu alibebesha 200 siku hiyohiyo na zilizokufa hazikufika 20. Mzee alichukua mche wangu mmoja uliokauka, akaukata kwenye kiungio mbele yangu, akanionyesha mstari wa kahawia katikati. "Hapa hazikusalimiana," akasema. Basi. Hakuongeza neno. Akaniwekea mashina mengine 40.

Nilikuwa nakwenda Jumatatu, Jumatano na Jumamosi asubuhi. Mwezi wa pili hivi, Jumatano moja sikwenda. Kulikuwa na mechi ya Ulaya usiku, nilitaka kulala kidogo kwanza, nikawasha simu, ikawa jioni. Kesho yake nikipita njia ileile nikamkuta ameinama anamwagilia. Nikaamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akauliza, "Mbona jana hukuja?"

Hakuuliza kwa ukali, aliuliza tu. Vikonyo vilikatwa asubuhi kwa ajili yangu, vilikuwa vimefungwa kwenye gunia bichi, na kikonyo kikikaa kinapoteza maji. Nilikuwa na majibu kadhaa mdomoni, sikutoa hata moja. Nilikuwa chuoni mwezi wa saba. Nilishakosa vipindi visivyohesabika, nilishashinda ndani siku mbili naumwa malaria. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali lile.

Kila ninachokijua kuhusu muda wa ziada kimetoka kwenye swali hilo. Nilikuwa nimeshajaribu ratiba za ukutani, zenye rangi, saa 10 hadi 11 mazoezi, saa 11 hadi 12 kusoma kitabu. Hazikudumu wiki mbili. Ratiba haiulizi mbona hukuja. Nilishajaribu kufuta programu kwenye simu, nikazirudisha. Kilichonitoa kibandani ni kwamba mahali pengine paliwekwa vitu kwa ajili yangu na vingeharibika nisipotokea. Nguvu ya moyo sikuipata zaidi ya niliyokuwa nayo. Nilipata tu mtu wa kunikosa.

Usiku mmoja nilitumia lile bando la usiku kutafuta hilo jina Hass lilitoka wapi. Nikakuta ni jina la mtu, Rudolph Hass, aliyekuwa akisambaza barua huko California, Marekani. Miaka ya 1920 alinunua kipande cha bustani, akapanda mbegu za parachichi, akataka kubebesha juu yake aina iliyokuwa ikisifika wakati ule, iitwayo Fuerte. Mche mmoja ukakataa kubebeshwa, kila wakijaribu haushiki. Akauacha ukue unavyotaka. Watoto wake ndio waliopenda matunda yake. Mwaka 1935 akapata hataza, yaani haki ya mgunduzi, ya mti huo, na maparachichi yote ya Hass duniani yametokana na mti ule mmoja, kikonyo kwa kikonyo, mpaka kwenye tuta letu la Uyole. Yeye aliendelea na kazi yake ya posta, hakutajirika, akafariki mwaka 1952. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002.

Kesho yake nikamsimulia mzee hadithi yote. Alisikiliza kisu kikiwa mkononi. Nilifikiri atauliza kuhusu mti. Akauliza, "Huyo wa posta alikuwa anatoka kazini saa ngapi?"

Katikati ya Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Wenzangu wengi walipanda mabasi siku ileile. Mimi niliangalia nauli ya hadi Nachingwea, nikamwangalia mzee aliyekuwa na mashina maelfu yaliyofika unene wa penseli na vijana wawili wamerudi kwao, nikabaki. Vilifunguliwa Juni 1. Wiki zile kumi na moja sikuwa na kipindi hata kimoja, saa zote 168 zilikuwa zangu, na ndizo wiki ambazo sikuwahi kujiuliza niende wapi. Asubuhi kubebesha, mchana ugali na maharage na parachichi pembeni kama wanavyokula Rungwe, jioni kumwagilia. Nilifunga uzi wa bluu kwenye miche 1,900. Ikashika 1,520. Nilipokea shilingi 228,000 na nikatuma laki moja nyumbani. Mama akapiga simu. Safari hii alipouliza nashinda wapi nilizungumza hadi salio likakatika.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nasema kila mwanachuo aanzishe biashara. Hotuba hizo tumezisikia sana, vijana jiajirini, na mara nyingi anayezitoa ana mshahara. Kitalu kile hakikuwa changu. Tena kilinigharimu. Vyuo vilipofunguliwa tulikimbizwa mno kufidia muda, na mimi sikutaka kupunguza siku za kitaluni, nilishazoea kuhesabu bluu zangu. Nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya uchumi. Nilipomweleza mzee alikasirika kuliko siku yoyote niliyomjua. Akaninyang'anya kisu. "Nenda kasome. Mpaka uifute hiyo nisikuone hapa." Nikasema nitakuja Jumamosi tu. "Hata Jumamosi." Nilipiga msuli wiki tano, nikaifuta, nikarudi. Kisu kilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, kimenolewa.

Wala siyo kila saa lazima iwe na kazi. Rafiki yangu mmoja aliyesoma Iyunga alikuwa analinda duka usiku Mwanjelwa ili ajilipie ada. Yeye muda wake wa ziada alilala, na alifanya sawa kabisa. Kuna mtu anahitaji kukaa juani ukutani na chai, asiseme na mtu. Juni Mbeya jua la saa nne asubuhi ni tiba. Nasikitika zaidi kuhusu mambo ambayo tuliyaacha bila sababu. Ziwa Ngosi lipo njia ya Tukuyu, unashuka Mchangani, unatembea kwenye migomba na kisha kwenye msitu wenye ukungu mpaka ukingo wa kasoko, shimo la volkano, na ghafla chini kuna maji ya kijani yametulia kama hayajawahi kuguswa. Kwa miaka mitatu nilikwenda mara moja, safari ya darasa. Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili huko Rungwe, sikufika kabisa. Wenzangu kumi kwenye darasa walimaliza chuo hawajapanda Loleza, mlima ambao ukitoka nje ya mlango unautazama. Hatukukosa nauli. Shilingi tulizochana kwenye mikeka zingetupeleka Ngosi kila mwezi. Hatukuwa na mtu wa kusema Jumamosi saa 12 tunakutana stendi, usipokuja tunakuja kukugongea.

Kama ningesikilizwa na wanaosimamia wanafunzi, vyuo vyote, siyo changu tu, ningeomba jambo dogo. Katika wiki ya utambulisho, pamoja na habari za mkopo na mitihani, waleteni watu wa jirani na chuo: fundi viatu, mwalimu wa timu ya mtaa, mama wa kituo cha watoto, mwenye kitalu, mwenyekiti wa kwaya, bibi anayefuma mikeka ya ukindu. Kila mmoja aseme siku gani na saa ngapi anahitaji mikono, na mikono mingapi. Mwanafunzi achague sehemu moja. Na kipindi kikifutwa, tuambieni jana yake. Saa sita za kimbweta zinaweza kuwa kitu kama mtu anajua mapema kwamba anazo.

Nilimaliza 2021. Mwenzangu wa chumba alimaliza pia, kwa ufaulu mzuri. Bado tunawasiliana, na kuhusu mikeka amenieleza mambo ambayo ni yake, siyo ya kuandikwa hapa.

Mwaka jana nilikuwa natoka Songea kwenda Mbeya mjini kwa kazi, na basi liliposimama Uyole nikashuka bila kupanga. Njia ya mkato imejengwa nyumba mbili, ikabidi nizunguke. Kibanda cha mabua sasa kina wavu mweusi wa kivuli. Mzee alikuwepo, kigoda kilekile, macho yamepungua, anashika kikonyo karibu na uso. Kulikuwa na vijana watano, wawili wana mabegi ya chuo yametundikwa kwenye nguzo. Nikaamkia. Akaitikia, akanijua kwa sauti, akasogea kunipisha kwenye benchi na kunipa kisu. Nilivua koti. Shina la kwanza nililipasua taratibu, nikachonga kabari kwa mikato miwili, nikalinganisha utando, nikakaza nailoni. Nikanyoosha mkono kwenye kopo la nyuzi kutafuta ya bluu. Binti mmoja wa mwaka wa pili akaniwahi, kwa adabu: "Samahani kaka, hiyo ni yangu." Nikafunga ya kijani.